Maswali ya Wasomaji: Sarafu za Kale Zilizotunishwa Kichwa

Barua zilizotufikia safari hii kutoka Kigoma na Tabora zinazungumzia kitu kimoja: sarafu ya zamani ambayo kichwa cha mfalme au malkia kimesukumwa kutoka nyuma hadi kikachomoza mbele kama sanamu ndogo. Hapa tunaziita sarafu zilizotunishwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu bibi yetu alituachia pini ya kifuani iliyotengenezwa kwa rupia ya Mjerumani. Ina mtu mwenye kofia ya chuma, juu ya kofia ametua tai. Kichwa chake kimechomoza sana, ukipitisha kidole unaigusa pua. Ukigeuza nyuma kuna shimo lenye umbo la uso huohuo. Majirani wanasema ni bandia, kwa kuwa rupia halisi huwa bapa. Ni kweli?
— Msomaji, Ujiji

JIBU: Dada yetu, shimo hilo la nyuma linaloashiria ubaya machoni pa majirani ndilo linalotupa sisi matumaini. Anayetengeneza rupia ya bandia hutaka ifanane na rupia. Hana sababu ya kuitoboa mgongo. Ulichonacho, kwa maelezo yako, kinaonekana kuwa rupia halisi iliyogeuzwa kuwa pambo baada ya kutoka kwenye mzunguko.

Mtindo huu ulishamiri Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Sarafu ililainishwa kwa moto, ikalazwa kifudifudi juu ya kalibu ya chuma iliyochongwa kichwa kwa kina, kisha ikasindikwa kutoka nyuma. Madini yakaingia ndani ya kalibu na kichwa kikatuna. Wengine walifanya kwa mkono: nyundo ndogo, tindo butu na kitanda cha lami. Baadaye ikalehemiwa pini, ikavaliwa kwenye tai, kifuani, au ikaning'inizwa kwenye mnyororo wa saa. Zilizotumika sana ni peni za Waingereza na dola na nusu dola za fedha za Marekani. Sarafu zilizozunguka Afrika Mashariki zilizotendewa hivyo ni chache, na hiyo ni sababu ya kuitazama yako kwa utulivu kabla ya kumpa mtu yeyote.

Kwanza hakikisha sarafu yenyewe. Rupia ya Mjerumani imeandikwa GUILELMUS II IMPERATOR (Kilatini cha Kaisari Wilhelm wa Pili, mtawala wa Ujerumani) kuzunguka kichwa, na mwaka uko upande wa nyuma. Zilizotolewa na kampuni ya Wajerumani kabla ya mwaka 1904 zina nyuma ngao yenye simba na mnazi pamoja na jina refu la kampuni. Zile za 1904 hadi 1914 zina maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, na herufi ndogo ya mahali zilipopigwa: A ni Berlin, J ni Hamburg. Maandishi ya katikati ya mgongo mara nyingi huvutwa na kupinda kichwa kinaposukumwa, kwa hiyo usikate tamaa usipoyasoma mara moja. Ishike sarafu karibu na dirisha asubuhi, mwanga uje kutoka pembeni, uizungushe polepole. Herufi zilizolala zitatupa kivuli. Yale yaliyo karibu na ukingo huwa salama, maana ukingo hausindikwi.

Kisha pima. Rupia ina upana wa milimita 30 na nusu hivi, uzito wa gramu 11.66 ilipokuwa mpya, na ubavu wenye meno. Kutunishwa hakupunguzi uzito: madini yamehama tu, hayajaondoka. Iliyochakaa mikononi mwa watu inaweza kushuka hadi gramu 11.3 au 11.4. Ukingo ukikosa meno kabisa, au ukiona mstari mwembamba unaouzunguka katikati kama mshono wa debe, hapo pana mashaka ya kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ya udongo.

Sasa mgongo, ambako kuna habari nyingi kuliko mbele. Kichwa kilichosindikwa kwa kalibu huacha shimo linalofanana na uso kwa ndani, lenye mpaka mkali, na uwanja unaozunguka hubaki bapa. Kilichofuliwa kwa mkono huacha vidonda vidogo vya tindo ndani ya shimo, na uwanja huwa na mawimbi kidogo ukiulaza juu ya kioo. Zote mbili ni kazi halali. Lakini ziko nyingine tatu za kuangalia.

Ya kwanza: mbele kichwa kimechomoza, lakini nyuma ni bapa na maandishi yote yamekamilika. Hapo kichwa cha sarafu ya pili kimekatwa na kulehemiwa juu ya hii. Tafuta mstari wa lehemu kuzunguka shingo na kofia, na upime: itazidi uzito wa sarafu moja kwa gramu kadhaa. Ya pili: nyuma ni bapa, na uzito umepungua sana, tuseme gramu 9. Huyo hakutunisha kitu, amechonga uwanja kuzunguka kichwa ukashuka, na kichwa kikaonekana kimepanda. Utaona mikwaruzo ya patasi uwanjani na mara nyingi herufi za duara zimeondoka. Ya tatu ni nakala ya kumimina, iliyotolewa kwenye pambo halisi: ngozi yake ina vitundu kama ganda la chungwa, na shimo la nyuma halina makali.

Jambo moja linalowatia watu hofu bure: sura ya kichwa kilichotuna inaweza isifanane sawasawa na rupia ya kawaida. Masharubu manene zaidi, tai mwenye manyoya mengine. Hiyo ni kwa sababu uso umechukua umbo la kalibu ya fundi, si la kiwanda cha sarafu. Tofauti za uso peke yake si ushahidi wa ubandia. Angalia ukingo, uzito na herufi.

SWALI: Rupia yangu iliyotunishwa ina malkia wa Kihindi. Nimeipima kwa sonara ikatoka gramu 13.4. Mnasema inatakiwa 11.66. Imetoka wapi ziada hii? Nyuma shimo halionekani vizuri, kuna kitu cha kijivu.
— Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Malkia huyo ni Victoria wa Uingereza. Rupia zake za India zilitumika sana huku bara kabla na baada ya Mjerumani kupiga zake, na uzito na ubora wake ni uleule: gramu 11.66, madini ya fedha sehemu 917 kwa 1,000.

Matumizi hayaongezi uzito wa sarafu hata siku moja. Una gramu 1.7 au zaidi ambazo si za rupia. Pini na kikulabu chake huchukua nusu gramu hadi gramu moja. Kinachobaki ni hicho cha kijivu: shimo limejazwa risasi au lehemu ya bati. Sababu ni kwamba kichwa kikishatuna, ukuta wake huwa mwembamba, hasa puani, kwenye ncha ya taji na kwenye nywele za kisogoni. Pakipasuka au pakibonyea, fundi hujaza nyuma ili uso usizame. Wengine walijaza tangu mwanzo ili pini ipate pa kushika.

Kuijua risasi ni rahisi. Pitisha sehemu hiyo ya kijivu kwenye karatasi nyeupe. Risasi huacha alama kama ya penseli, fedha haiachi. Nawa mikono baada ya hapo na usiwape watoto waishike.

Tunachokusihi kwa nguvu zote ni kwamba usikubali iwekwe motoni ili kuyeyusha hicho kijazio. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, lehemu ya bati na risasi chini zaidi, na watu hudhani fedha itakuwa salama kwa kuwa yenyewe inahitaji moto mkali kuliko huo mara mbili na zaidi. Si hivyo. Risasi iliyoyeyuka inapopashwa moto zaidi juu ya fedha huila, huchanganyika nayo na kuacha matundu. Kwenye ukuta mwembamba wa kichwa kilichotunishwa dakika moja ya moto wa gesi inatosha kutoboa shavu. Sonara mzoefu analijua hili na atakataa mwenyewe. Anayekubali haraka, chukua sarafu yako uondoke.

Kipimo cha maji cha kujua kama madini ni fedha kweli, ambacho wengi wenu mnakiuliza, hakitakusaidia kwenye hii, kwa kuwa pini ya shaba inavuta hesabu chini na risasi inaivuta juu. Kinafaa kwenye sarafu isiyo na kijazio, na ni vizuri kukijua. Unahitaji mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, kikombe cha plastiki, na uzi mwembamba. Pima sarafu ikiwa kavu na uandike. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, rudisha sifuri. Ining'inize sarafu kwa uzi mpaka izame yote, isiguse chini wala ubavuni. Namba itakayosomeka ndiyo ujazo wake. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Rupia ya gramu 11.5 itasoma karibu 1.12, na jibu litakuwa 10.3 hivi, ambayo ndiyo fedha ya ubora huo. Shaba ya manjano iliyopakwa fedha, kwa uzito huohuo, itasoma 1.35 na kutoa 8.5. Shaba iliyochanganywa na nikeli itatoa 8.9.

Kosa linalowaponza watu ni hewa. Shimo la nyuma ni bakuli dogo, ukiliingiza majini kifudifudi linabeba povu. Povu la sehemu moja tu ya kumi ya mililita litafanya mizani isome 1.22, na rupia yako halisi itatoka 9.4 na kuitwa bandia. Tia tone moja la sabuni ya maji kwenye kikombe, izamishe sarafu kiubavu shimo likiangalia juu, itikise taratibu mpaka usione kipovu, ndipo usome.

SWALI: Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale amepita huku, ameniambia sarafu yangu iliyotunishwa imeharibika na haina bei zaidi ya chuma chakavu. Mwingine akasema kitu cha Mjerumani ni mamilioni. Nimuamini nani? Bei hupatikanaje?
— Msomaji, Kasulu

JIBU: Usimuamini hata mmoja, kaka, kwa sababu kila mmoja anataja kipande cha ukweli kinachomfaa.

Kwa mkusanyaji wa sarafu za kawaida, sarafu iliyotunishwa imebadilishwa baada ya kutoka kiwandani, na haiwezi kupimwa kwa daraja kama zile bapa. Bei unazoziona kwenye vitabu vya sarafu si zako. Hata kama mwaka wake ni adimu, uadimu huo umeondoka na mgongo. Hapo ndipo penye uchungu hasa: rupia 2 za Mjerumani za 1893 na 1894, gramu 23.32 kila moja, ni sarafu zinazotafutwa sana zikiwa nzima. Aliyeitunisha moja alipoteza sehemu kubwa ya thamani yake bila kujua. Lakini kuna watu wengine wanaokusanya mapambo ya sarafu yenyewe, na wengine wanaokusanya chochote cha enzi za Wajerumani Afrika Mashariki. Kwao hiyo si takataka.

Anza na sakafu, yaani bei ambayo chini yake huuzi. Hiyo ni madini. Chukua uzito wa sarafu bila pini, zidisha na ubora. Rupia mpya ina gramu 10.69 za fedha safi, nusu rupia 5.35. Reale, ile dola kubwa ya Maria Theresa yenye mwaka 1780 usiobadilika, ina uzito wa gramu 28.07 na fedha safi gramu 23.38. Dola ya Marekani ya aina ya Morgan ina 24.06. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye kichwa cha George wa Tano inawadanganya wengi: ina uzito wa gramu 7.78 lakini robo tu ndiyo fedha, yaani gramu 1.94. Na zile zilizopigwa kuanzia mwaka 1948 hazina fedha kabisa.

Bei ya dunia hutajwa kwa wakia ya gramu 31.1. Igeuze kwa shilingi, gawanya kwa 31.1, upate bei ya gramu. Tuseme siku hiyo wakia ni shilingi 93,300. Gramu ni 3,000. Rupia yako iliyochakaa ya gramu 11.4 ina fedha safi gramu 10.45, sakafu yake ni shilingi 31,350. Badilisha namba kwa bei ya siku yako. Sonara atakupa pungufu ya hapo kwa kuwa ana gharama za kusafisha, na hilo ni haki yake. Anayekupa nusu hana haki hiyo.

Juu ya sakafu ndipo kazi inapohesabiwa. Kichwa kilichotuna juu, chenye macho, nywele na sikio zilizosimama wazi, kina bei. Kilichosuguliwa mpaka pua imekuwa bapa kimepoteza nusu ya uzuri wake. Tafuta ufa: shika sarafu mbele ya taa ya simu gizani, mwanga ukiwa nyuma ya shimo. Nukta yoyote ya mwanga ni ufa, na ufa unashusha bei hata kama hauonekani kwa mbele. Pini ya asili inayofunga vizuri inaongeza. Pini iliyovunjika si msiba, lakini alama kubwa za lehemu mpya zilizomwagika juu ya maandishi ni msiba. Upakaji wa dhahabu wa zamani uliofifia uache ulivyo, kwa sababu unathibitisha umri.

Halafu kuna sarafu mwenyeji, maana yake ile iliyotumika. Peni ya Mwingereza iliyotunishwa ipo nyingi. Rupia ya Wilhelm mwenye kofia ni chache zaidi na ina watu wa pande mbili wanaoitaka. Kwenu Kigoma inawezekana kukutana na faranga moja ya Kongo ya Kibelgiji ya miaka ya 1920, yenye kichwa cha mfalme Albert mbele na mchikichi nyuma, kwa kuwa Wabelgiji walikaa Kigoma na Ujiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hiyo ni shaba na nikeli, sakafu yake ya madini ni karibu na sifuri, kwa hiyo yote utakayopata ni ya kazi na historia.

Na historia iandike. Karatasi moja: sarafu ilikuwa ya nani, aliivaa wapi, iliingiaje katika familia, mwaka gani mnaokumbuka. Piga picha tatu kando ya rula: mbele, nyuma na ubavu. Mnunuzi wa kweli ataomba ya nyuma kwanza. Yule anayekuambia picha ya mbele inatosha hajui anachonunua, au anajua sana.

Kuhusu kuuza nje ya nchi: Sheria ya Malikale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Rupia za Mjerumani ni za baadaye. Rupia ya India ya mwaka 1840 au ya 1862 ina tarehe ya kabla ya hapo, na tarehe hizo zote mbili mtazikuta kwenye rupia za Victoria. Soma mwaka kabla ya kuifunga kwenye bahasha.

SWALI: Nina sarafu ya dhahabu ya tembo, ile iliyotengenezwa hapa kwetu Tabora wakati wa vita. Tembo ametuna sana, anakaribia kuchomoka. Ni halisi?
— Msomaji, Ng'ambo, Tabora

JIBU: Sarafu hiyo ya tembo, ya rupia 15, ilipigwa Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, miezi michache kabla Wabelgiji hawajaingia mjini Septemba ya mwaka huo. Zilitoka kama 16,000 tu. Upande mmoja una tai wa Ujerumani, mwingine una tembo mbele ya mlima, na chini mwaka 1916 na herufi T. Ni sarafu inayoigwa sana. Kwa hiyo tuwe waangalifu pamoja.

Geuza kwanza. Tembo akiwa ametunishwa kwa kusukumwa, tai wa nyuma lazima awe amebonyea na kuharibika. Kama tai yuko mzima na tembo amepanda sana, uwezekano mkubwa ni nakala ya watalii au ya kidani, iliyomiminwa ikiwa hivyo tangu mwanzo.

Pili, uzito ni gramu 7.17, upana milimita 22 hivi. Dhahabu yake ni sehemu 750 kwa 1,000. Kwa kipimo cha maji tulichoeleza, sarafu halisi itasoma kati ya 0.46 na 0.49. Ya shaba ya manjano iliyopakwa dhahabu, ili ifikishe uzito huo, lazima iwe karibu mara mbili kwa unene, na itasoma 0.84. Hakuna ujanja wa kukwepa hesabu hiyo. Mara nyingi muigaji huacha unene sahihi, na uzito unaanguka kwenye gramu 4.

Usiruhusu mtu aikwangue kwenye jiwe la sonara ili kujaribu dhahabu. Ikiwa ni halisi, mkwaruzo mmoja utaigharimu familia yako zaidi ya kipimo chochote cha maji.

Zile nyingine za vita za Tabora, hela 5 na hela 20 za mwaka huohuo, zina taji badala ya kichwa, kwa hiyo hazina cha kutunisha. Neno letu hela limetoka kwenye jina la sarafu hizo za Mjerumani, heller, na inafurahisha kuona jina limedumu kuliko madini.

SWALI: Pini ya mama imekuwa nyeusi. Ndimu na majivu yanafaa?
— Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Hapana. Wala ukwaju, wala dawa ya meno, wala sabuni ya unga ya kusugulia masufuria. Kwenye sarafu bapa msuguo unagawanyika uso mzima. Kwenye iliyotunishwa unaangukia pua na paji la uso peke yake, mahali ambapo madini ni membamba kuliko popote. Asidi ya ndimu nayo huingia chini ya lehemu ya pini na kuilegeza.

Maji ya vuguvugu, sabuni ya mtoto, dakika tano. Ondoa uchafu wa ndani ya shimo kwa kijiti cha pamba, suuza, kausha kwa kitambaa cha pamba bila kusugua, kisha iache mahali penye hewa usiku mzima ili unyevu wa chini ya pini utoke. Weusi utakaobaki mashimoni mwa nywele na masikio uache. Ndio unaofanya uso usomeke, na mnunuzi anautafuta. Ukiona kutu ya kijani, hiyo ni shaba inayolika: itoe kwa kijiti cha mti kilichochongwa, kamwe si kwa sindano.

Unyevu wa ziwani si mzuri kwake. Hifadhi kwenye bahasha ya karatasi ndani ya kopo linalofunga vizuri. Usiifunge kwa mpira wa bendi, kwa kuwa mpira una salfa inayoitia fedha weusi mpya.

SWALI: Mimi ni fundi wa shaba. Naweza kutunisha sarafu za sasa nikawauzia wageni wanaokuja kuona Ujiji?
— Fundi, Urambo

JIBU: Sarafu halali ya nchi usiiguse, fundi. Kuiharibu ni kosa kisheria. Na za kale tunakuomba uziache, zimebaki chache. Fanya kazi yako juu ya kidonge cha shaba, yaani duara tupu lisilo na chapa, nawe utakuwa huru kuweka sura uitakayo: mwembe wa Ujiji, mtumbwi, tembo.

Kata duara la milimita 35 kwenye bati la shaba nyekundu lenye unene wa milimita 0.8 hadi 1. Chini ya hapo litapasuka, juu ya hapo utachoka bure. Lipashe moto mpaka liwe jekundu hafifu ukiwa kivulini, maana juani hutaiona rangi hiyo na utapitiliza. Litumbukize majini, lioshe. Kitanda chako ni lami ya utomvu wa miti na vumbi la tofali lililochekechwa, kiasi sawa kwa uzito, pamoja na mafuta kidogo ya ng'ombe: ongeza mafuta lami ikiwa ngumu na inakatika, punguza siku za jua kali inapokuwa laini mno. Laza kidonge kifudifudi, sukuma umbo kutoka nyuma kwa tindo butu, ukianza katikati na kwenda pembeni kwa mizunguko. Usisukume sehemu moja mpaka mwisho. Tindo inapoanza kuruka na mlio kuwa mkali, shaba imekuwa ngumu: itoe, ichome tena, rudi kazini. Kazi ya kina cha milimita 5 inahitaji kuchomwa mara tatu au nne, na karibu kila pua iliyopasuka ni ya fundi aliyeruka mara moja kati ya hizo. Mwisho geuza, jaza shimo lami, ukaze mistari ya uso kwa tindo kali kutoka mbele.

Gonga alama yako na mwaka nyuma, karibu na ukingo, kabla ya kulehemu pini. Ukipiga baada ya kulehemu, kazi uliyotunisha inaweza kubonyea.